Sahani ya Mlangoni kwa Mama Delphine

Mgahawa wa Mama Delphine Chanda, mtaani Kamalondo, una chumba kimoja cha kulia, meza saba, na madirisha mawili yanayotazama barabara. Ukiingia mara ya kwanza huoni cha kushangaza. Kuta zimepakwa kijani mpaka kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Kuna kalenda ya mwaka juzi, iliyobaki ukutani kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji. Mpaka ukae kidogo, bukari, ugali wa huku, iwekwe mbele yako pamoja na sombe ya majani ya mihogo, ndipo unapotambua kwamba kuna kitu hakipo. Humu hamnuki moshi. Si wa makaa, si wa sigara, si wa mafuta yaliyoungua. Samaki ananuka samaki, nyanya inanuka nyanya.

Chumba hicho alikitengeneza kwa ajili ya kifua cha mtu mmoja.

Mumewe, Mulenga, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya matela ya malori. Mafundi wenzake walikuwa wanane, na rafiki yake mkubwa kati yao aliitwa Kunda. Kwa miaka kumi na tisa waliwasha sigara zao kwenye chuma ambacho kilikuwa bado chekundu, wakicheka kama watoto walioiba kiberiti. Kisha kifua cha Mulenga kikaanza kufunga. Daktari alimwambia aepuke moshi wa kila aina. Mulenga akarudi nyumbani, akaketi, akamuuliza mkewe kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: ni wapi katika Lubumbashi hii mtu anaweza kukaa bila moshi?

Wakati ule Delphine alikuwa akipikia wateja humo humo chumbani, mbabula mbili, yale majiko ya makaa, zikiwaka pembeni. Siku ile ile alizitoa, akazipeleka uani chini ya bati. Akamwita fundi atoboe dirisha dogo ukutani la kupitishia sahani. Kuta akaziosha kwa sabuni mara tatu, na mara ya tatu maji yalikuwa bado ya rangi ya chai.

Lakini mafundi wenzake Mulenga walikuja kumwamkia, na kila mmoja alikuja na sigara yake mdomoni. Delphine hakuweza kumwambia mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa, zima hiyo. Alichukua sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akaijaza mchanga uliooshwa, akaiweka juu ya kigoda nje ya mlango. Wa kwanza aliiangalia sahani, akaiangalia sigara yake, akaichomeka mchangani, akaingia. Baada yake wote walifanya hivyo. Ikawa desturi ya nyumba, na mtaa ukaijua: kwa Mama Delphine moshi hauingii.

Mulenga aliishi miaka mitatu mingine katika chumba hicho, akila polepole karibu na dirisha. Alipofariki, Kunda alianza kuja saa sita mchana na kuketi kwenye kiti kile kile. Kifua chake nacho kilikuwa kimeanza kuwa kama cha rafiki yake. Delphine alimwita Ba Kunda, kama walivyomwita wote kwa heshima. Mzee huyo alivaa kofia ya manyoya hata jua likiwaka. Kila akiingia alisimama kwanza mlangoni, akavuta hewa kwa pua, akasema chakula cha siku hiyo kabla hajaambiwa. Mara nyingi alipata. Akikosea, alisema mpishi ndiye aliyekosea.

Hivyo ndivyo miaka sita ilivyopita. Sahani ya mlangoni haikuhitajika tena, maana wateja wote walijua, na Delphine akaitumia kufunikia ndoo ya maji.

*

Mwezi wa tano mwaka huu wazee walionana, na Benita, binti yake wa pekee, akachumbiwa na kijana aitwaye Franck.

Delphine hakuwa na neno dhidi ya Franck. Alikuwa mtu wa kazi, wakala wa kupitisha mizigo pale mpakani Kasumbalesa, aliyeshinda siku nyingi za wiki kati ya foleni za malori, na kila Alhamisi na Ijumaa alipanda Lubumbashi kuleta hati kwa wakubwa zake. Siku hizo mbili, saa sita mchana, alipita mgahawani kumwona Benita. Na hapo ndipo mambo yalipoanza, tena kwa sababu ya adabu yake mwenyewe.

Delphine ni mtu wa upande wa Kasomeno, na kwao mkwe na mama mkwe hawakai hovyo. Hawatazamani usoni. Hawali mmoja mbele ya mwenzake. Mama hamkemei mkwe wake, wala hamwambii neno la kumwelekeza. Neno likiwapo, linapita kwa mtu mwingine, na lazima liwe neno linaloweza kubebwa. Hiyo ndiyo bukwe, na Franck, aliyelelewa na mjomba anayejua mambo hayo, aliishika yote. Aliingia, akasalimia ukuta wa jikoni bila kutazama dirisha dogo, akakaa kwenye meza ya pembeni, akaagiza soda. Chakula hakugusa. Watu wote chumbani walikula; yeye alikaa tu, mikono haina kazi, kinywa hakina kazi. Basi akatoa mfukoni kitu kirefu cha rangi ya fedha, chenye taa ndogo ya buluu, akakivuta.

Ilikuwa sigara ya umeme. Aliinunua ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, wakati alipoamua kuacha sigara. Alipotoa pumzi, wingu jeupe lilitoka, likatanda juu ya meza, likanuka embe. Hakuna jivu lililoanguka. Hakuna kitu kilichowaka.

Delphine aliona yote kupitia dirisha dogo, sahani ya samaki mkononi. Hakuweza kutoka, kwa sababu mkwe alikuwa ndani.

Ulikuwa mwanzo wa kipwa, ule wakati wa baridi na vumbi jekundu, na madirisha ya barabarani yalikuwa yamefungwa. Wingu lilienda taratibu mpaka kwenye kiti cha karibu na dirisha. Ba Kunda aliacha kutafuna. Akakohoa mara mbili ndani ya kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni kama mtu aliyeficha barua.

"Papa, inakusumbua?" aliuliza Franck kwa heshima, akiinuka kidogo.

"Hapana, mutoto yangu. Inanuka muzuri," alisema Ba Kunda. "Inanuka mangue. Miye na mangue hatuna mambo."

Franck akaketi tena, ameridhika.

Alhamisi iliyofuata Ba Kunda alihamia meza ya karibu na mlango. Ijumaa alikula nje, kwenye baraza, vumbi la magari likitua kwenye sombe yake. Baada ya wiki mbili alianza kuruka Alhamisi na Ijumaa. Kisha hakuja kabisa, kwa sababu harufu ile ilikuwa imekaa kwenye mapazia na ilimsubiri hata Jumatatu.

*

Aliyekuwa wa kwanza kusema alikuwa Doudou, anayeuza vipuri vya simu ng'ambo ya barabara. Naye alisema kwa faida yake. Alikuwa na kitu kama kile cha Franck, chake cha rangi nyekundu, na miezi yote alikiacha dukani.

"Mama Delphine," alisema Jumanne moja, akiinamia dirisha dogo. "Ile sheria ya humu iko ya bantu gani? Mukwe yako iko anavuta, siye banatukatalia."

"Kula, Doudou. Samaki iko inapoa."

"Inapoa, ni kweli. Lakini inanuka mangue. Mi nililipia samaki."

Meza mbili zikacheka. Siku ya pili yake Doudou alikuja na chake, akakivuta huku akitazama dirisha dogo, na wingu la pili, la mnanaa safari hii, likapanda kando ya kalenda. Delphine alimwangalia. Angeweza kumwambia aache; Doudou si mkwe wake. Lakini angemwambia nini, wakati kesho yake ni Alhamisi?

Mchana ule, chumba kilipokuwa kitupu, alikaa kwenye kiti cha Ba Kunda na binti yake akipangusa meza.

"Benita, ulimuambia Franck kitu?"

Benita hakuinua kichwa. "Nilimuuliza. Alisema ni maji tu, mama, maji yenye kuchemka. Haiko moshi."

"Na we unaona namna gani?"

"Mama, aliacha sigareti juu yangu. Paketi nzima kwa siku, alikuwa anavuta. Nikimuambia na hii iko mubaya, atarudia kwenye alitoka."

"Sikusema iko mubaya."

"Basi mama anasema nini?"

"Nasema Ba Kunda hakukuya."

Benita akaacha kupangusa. Ndoa ilikuwa mwezi wa nane. Delphine aliona woga wa mtoto wake, nao ulikuwa wa haki: mwanamume aliyeacha kitu kigumu kwa ajili yako, ukimwambia bado haitoshi, huenda akachoka. Na yeye mwenyewe alikuwa na woga wake. Chumba hiki ndicho alichompa Mulenga. Kikiwa chumba kama vingine, Mulenga atakuwa amefariki mara ya pili, na Ba Kunda atakufa kwa njaa ya kukaa na watu.

Akafanya alichojua. Asubuhi ya Alhamisi aliiondoa sahani ya bati juu ya ndoo, akaiosha, akaijaza mchanga, akaiweka kwenye kigoda nje ya mlango, kama zamani. Saa sita Franck alifika, soda aliyoinunua njiani mkononi. Aliiona sahani. Delphine alikuwa akitazama nyuma ya dirisha dogo. Franck alimaliza soda yake pale mlangoni, akaweka kifuniko cha chupa kwa uangalifu katikati ya mchanga, akaingia, akaketi, akatoa kitu chake cha fedha.

*

"We, Delphine," alisema Simone, "ulifukuzaka bachomeleaji munane. Sasa kamutoto kamoja ka Kasumbalesa kanakushinda."

Simone ni dada yake mkubwa, yaya kama wanavyosema kwao. Anauza vitenge sokoni, na ana sauti iliyozoea kuwafikia wateja wa safu ya tatu. Alikuwa amekuja kupanga vyakula vya chilanga mulilo.

"Sikubafukuzaka, yaya. Nilibawekeaka sahani."

"Basi muwekee na ye."

"Nilimuwekea. Alitia mule kifuniko ya soda."

Simone alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikwembe chake. Delphine alingoja. Dada yake akicheka, humaliza kwanza, kisha husema jambo la maana.

"Hana ubaya, ule mutoto," alisema Simone hatimaye. "Anawaza kama sahani iko ya moto. Yake haina moto. Hajue kama inamuhusu na ye."

"Na miye siwezi kumuambia."

"We huwezi. Lakini Siku ya Posho niko naenda kwabo na mabeseni kumi juu ya vichwa ya bamama, na kazi yangu pale ni kusema tu hivi: hiki utakula, hiki utafanya, kwetu bantu banakaa hivi. Unatafuta njia gani ingine?"

Kwa watu wa kwao, chilanga mulilo ni siku ambayo nyumba ya mke inampikia mkwe. Kabla ya siku hiyo mkwe hali chakula kwao. Wanawake wanampelekea vyakula vilivyofunikwa, wanafunua kimoja kimoja, wanamweleza kila sahani na kila neno la nyumba anayoingia. Baada ya hapo anaruhusiwa kula kwa wakwe zake, na hawezi tena kusema hakujua.

Delphine alitoka akaichukua ile sahani mlangoni. Alikuwa amemkumbuka Kambo Mwansa, nyanya yake, kule Kasomeno. Kambo alivuta sigara kwa namna ya vikongwe wa zamani: upande unaowaka aliuingiza ndani ya kinywa, midomo akaifunga, akaendelea kumenya mihogo. Wakwe zake wa kiume wakipita uani hawakuona moshi, wala jivu, wala moto. Delphine mdogo aliamini ni uganga. Alipokua, siku moja Kambo alimfunulia ulimi wake, akaona makovu meupe. Ilikuwa adabu tu, na ilikuwa inaunguza.

Aliwaza: sitaki huyu kijana ameze moto kwa ajili yangu. Wala sitaki aache kitu kinachomsaidia. Nataka asimame nje kidogo, basi. Lakini hata jambo dogo, likipelekwa vibaya, linaweza kurudi na ndoa nzima mkononi.

"Ipeleke," alimwambia Simone, akaiweka ile sahani ya bati juu ya meza, kati yao. "Lakini usimusemee kwa ukali, yaya."

"Mi nasemaka kwa ukali lini?" alisema Simone.

*

Chilanga mulilo ilikuwa Siku ya Posho, yaani Jumamosi, na mama wa binti haendi. Delphine alibaki mgahawani, akipika kwa mikono isiyosikia joto, na yaliyotokea Katuba, nyumbani kwa mjomba wa Franck, aliyasikia alasiri hiyo kutoka kwa Simone, ambaye akisimulia haruki kitu.

Walipokewa vizuri. Mjomba huyo, Mzee Désiré Chola, mwalimu aliyestaafu, alikaa kando ya Franck ili aseme kwa niaba yake, maana siku hiyo mkwe hasemi. Simone alifunua kuku mzima, akaeleza. Akafunua samaki, sombe ya karanga, finkubala, wale viwavi waliokaangwa mpaka wakalia kama kokoto, na bukari tatu. Kila kitu kilishangiliwa. Kisha akafunua kitambaa cha mwisho, na chini yake palikuwa na mchanga.

"Banatupikia muchanga?" aliuliza dada mmoja wa Franck, na wenzake wakaangua kicheko. "Ama bukari iliisha?"

"Hii haiko ya kula," alisema Simone. "Iko ya mulango. Kwetu, mwanaume akifika na kitu anavutaka, anaacha hapa, anaingia. Akitoka, anakamata kitu yake. Hatumukatalii. Iko tu na nafasi yake."

Franck alimnong'oneza mjomba. Mzee Désiré alikohoa kidogo kabla ya kusema. "Mukwe yenu anauliza: yake haina moto, haina majivu. Muchanga itafanya nini?"

"Kama inatoka mu kinywa ya muntu na kuingia mu pua ya mwingine, iko ya sahani."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza swali la mwalimu. "Nani analalamika?"

"Hakuna muntu analalamika, papa. Njo sababu tulikuya," alisema Simone, na hapa, alimwambia Delphine, sauti yake ilishuka yenyewe. "Kuko muzee mumoja, Ba Kunda. Kifua yake iko sawa na ya marehemu Mulenga. Miaka sita anakulaka pale, kwani ni pale tu anapumuaka. Sasa hakuyake tena. Ye hatasema, juu uko mukwe ya nyumba. Mama ya mutoto hawezi kusema. Mutoto anaogopa kusema. Basi tulileta sahani."

Hapo Franck aliinua kichwa na kusema mwenyewe, mjomba akimshika goti.

"Ba Kunda? Ule wa kofia ya manyoya?"

"Ye njo."

"Lakini nilimuuliza. Aliniambia inanuka muzuri."

Wale dada zake waliokuwa wanacheka walikuwa wanatazama mchanga. Franck aliivuta sahani kwake, akaifunika tena kwa kitambaa, akaiweka kando ya mguu wake, mbali na vyakula.

"Ni hayo," Simone alimaliza. "Sijue kama ni kukasirika ama ni kufikiri. Mwenye kukasirika na mwenye kufikiri bananyamaza sawa."

*

Jumanne vyombo vilirudi, vimeoshwa, na hakuna kilichorudi kitupu: sukari ndani ya beseni, sabuni, kitenge cha buluu kilichokunjwa vizuri. Vyombo vyote vya chakula vilikuwapo. Sahani ya bati haikuwapo.

Delphine alivitazama tena vyote, akijua amekwisha kuona.

Alhamisi saa sita mchana Franck hakuja. Saa saba Benita alipanga viti vya meza ya pembeni ambavyo havikuwa vimepangika vibaya. Alipiga simu akiwa amegeukia ukuta.

"Hajibu?" aliuliza Delphine.

"Inalia tu, mama."

Doudou aliingia, akavuta mnanaa wake, akautoa kwa pete mbili juu ya meza. Delphine akampitishia sahani yake dirishani. Alikuwa anajiuliza kama, kwa kukilinda kiti kimoja ambacho hata hivyo kilikuwa kitupu, alikuwa amemvunjia mtoto wake nyumba. Mwenyewe alijua angejibu nini Mulenga. Angesema: kwani kuna ubaya gani, mwacheni kijana, nitakaa nje. Mulenga alikuwa kama Kunda. Watu wa namna hiyo wanahitaji mtu mwingine awasemee, la sivyo wanahama kiti kimoja baada ya kingine mpaka hawapo.

Ijumaa, saa sita na robo, gari lilisimama mbele ya mlango. Franck alishuka. Hakuingia. Alizunguka upande wa pili, akafungua, akanyoosha mkono, na kwanza ikatoka kofia ya manyoya.

Ba Kunda alikuwa mwekundu wa vumbi, nyusi, mabega, hata ndevu. Alisimama njiani akijipangusa.

"Mama Delphine," aliita kuelekea dirisha dogo, pumzi ikimkatika katikati. "Mukwe yako alikuya kunikamata kwangu, Katuba, sawa polisi. Mara tatu alirudi. Alhamisi alinikosa, nilikuwa hospitali."

"Na ile vumbi yote, Ba Kunda?" aliuliza Benita, na sauti yake ilikuwa inacheka na kutetemeka.

"Gari yake, mutoto yangu. Mule ndani ni shamba ya mangue. Nilifungua madirisha yote mine. Nimekula barabara kutoka Katuba."

Franck alikuwa ametazama chini. Alirudi garini, akaleta kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kigoda kilikuwa bado nje ya mlango. Aliiweka sahani ya bati juu yake, akafunua, na mchanga ulikuwa mpya, mweupe zaidi, umechungwa. Akatoa mfukoni kile kitu cha fedha chenye taa ya buluu, akakilaza juu ya mchanga. Akaingia mikono mitupu, akausalimia ukuta wa jikoni, akaketi.

Ba Kunda alisimama mlangoni kwa desturi yake. Akavuta hewa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote, na chumbani watu waliacha kutafuna.

"Mangue bado iko kidogo," alisema. "Mu mapazia. Chini yake... samaki. Samaki na nyanya."

"Ni ndakala," alisema Benita, maana siku hiyo walipika dagaa.

"Basi mupishi alikosea," alisema Ba Kunda, akaenda kwenye kiti chake.

Delphine alipakua sahani mbili. Moja ilikuwa ya Ba Kunda. Ya pili aliitazama kidogo kabla ya kuipitisha dirishani, kwa maana ilikuwa ya kwanza. Benita aliichukua kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya Franck. Franck alinawa, akamega bukari, akala akiwa ameinamisha kichwa, naye Delphine akageuka upande wa ndoo, kama inavyopasa. Akashika ukingo wa ndoo, akatambua haina kifuniko, akatafuta sufuria ya kufunikia.

Doudou alipokuja alikuta chombo cha fedha mlangoni. Alikiangalia, akaangalia ndani, akamwona Franck anakula.

"Kwani humu tunaachaka na simu?" aliuliza.

"Simu ingia nayo," alisema Benita. "Ile nyekundu laza huko."

"Wakiniibia?"

"Nani ataiba mate yako, Doudou?" alisema Ba Kunda, na kicheko cha chumba kizima kikamfuata Doudou mpaka alipoinama na kuweka.

Franck alimaliza kula. Alikaa kidogo, vidole vikicheza juu ya meza, kisha akainuka bila kusema, akatoka. Kutoka dirisha dogo, kupitia chumba na mlango uliokuwa wazi, Delphine alimwona amesimama hatua sita kutoka kwenye kigoda, juani, mgongo wake ukielekea nyumba. Wingu jeupe lilipanda juu ya bega lake, upepo wa kipwa ukalichukua kuelekea barabarani, likavunjika kabla halijafika kwenye baraza. Alikigeuza mkononi kile kitu cha fedha, akajikuna shingo, akavuta tena. Alionekana mtu aliyesimama mahali ambapo hakuna pa kuegemea.

Kambo Mwansa naye alisimama hivyo, aliwaza, isipokuwa yeye alikuwa anaungua.

"Benita."

"Mama."

"Mupelekee kiti."

Benita alinyanyua kiti cha meza ya pembeni.

"Hapana hicho, kinacheza muguu moja. Peleka ile ya mugongo murefu," alisema Delphine. "Na usimuambie ni miye."